Lenzi Ndefu ya Mkono katika Uwanda wa Ruzizi

Kijana wa Bukavu anayetaka kununua lenzi ndefu huniuliza kwanza ni milimita ngapi, kisha bei. Mimi humrudishia swali: utasimama wapi, na huyo unayempiga picha atajua kwamba upo? Wengine hudhani ninakwepa. Sikwepi. Nimepiga video kati ya Bukavu na Luvungi miaka mingi sasa, harusi, kwaya, wakulima wa mpunga, mahojiano ya mashirika, na kila lenzi niliyoijutia niliinunua kwa sababu ya namba iliyoandikwa ubavuni mwake, bila kuwaza mahali nitakapoisimamisha.

Luvungi yenyewe ni mwalimu mzuri wa jambo hili. Ukitoka Bukavu kwa barabara ya taifa namba 5 unapita Nyangezi, unateremka kona za Ngomo roho mkononi, unafika Kamanyola, ndipo uwanda wa Ruzizi unakunjuka mbele yako. Ziwa Kivu umeliacha kwenye mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Hapa uko chini ya mita 1,000, na joto linakupokea mara tu unapofungua mlango wa gari. Magharibi ni milima ya Mitumba. Mashariki ni mto Ruzizi, na ng'ambo yake ni nchi za watu: Rwanda upande wa juu, Burundi upande wa chini, na pale mto Ruhwa unapoingia ndani ya Ruzizi mipaka mitatu inakutana. Katikati ni mpunga, mihogo, ng'ombe na barabara. Hakuna ghorofa la kukuzibia. Kwa mpiga video hii ni nchi ya lenzi ndefu, na kwa sababu hiyo hiyo kosa la kuchagua huonekana upesi.

Tuanze na kinachosemwa vibaya kila siku. Husemwa kwamba lenzi ndefu huivuta milima karibu. Kinachoivuta milima ni miguu yako. Msimamishe mama shambani, Mitumba nyuma yake. Ukiwa mita 4 mbele yake na lenzi ya milimita 24, atajaa fremu kwa kiasi fulani. Rudi nyuma hadi mita 22 na nusu, weka lenzi ya 135, naye atakuwa na ukubwa ule ule. Lakini mlima nyuma yake umekua zaidi ya mara 5, kwa sababu hatua zako za kurudi nyuma zimebadilisha uwiano wa umbali wako kwake na umbali wako kwa mlima. Lenzi imekata tu kipande cha kile ambacho tayari kilikuwa hivyo. Mtu akilielewa hili, ananunua lenzi kwa kupima shamba, ua na ukumbi anamofanyia kazi.

Hesabu ninayotembea nayo kichwani ni moja: umbali mara upana wa sensa, gawanya kwa urefu wa lenzi. Kamera yenye sensa ya upana wa milimita 36, lenzi ya 135, umbali wa mita 20: fremu ina upana wa mita 5 na kidogo, inatosha watu wanne waliosimama bega kwa bega na hewa pembeni. Kamera kama Lumix GH5, yenye sensa ya milimita 17.3, kwa lenzi ile ile na umbali ule ule inaona mita 2 na nusu tu. Kwa hiyo mwenye kamera ya namna hiyo akiambiwa na rafiki yake "nunua 135, ni tamu", utamu huo yeye ataupata kati ya 65 na 75. Sebule nyingi za Luvungi nilizofanyia mahojiano hazinipi zaidi ya mita 4 kutoka ukuta hadi kiti. Humo 85 kwenye sensa kubwa inakupa upana wa mita 1 na sentimita 70, kichwa na kifua cha mzee pamoja na kalenda ukutani. 135 humo itakusukuma nje ya dirisha.

Sasa, kwa nini lenzi ya sinema, na kwa nini ya kuzungusha fokasi kwa mkono?

Tofauti ya kwanza iko kwenye herufi. Lenzi ya picha huandikwa f, ya sinema huandikwa T. Ile f ni hesabu ya tundu tu. T ni mwanga unaofika kwa kweli baada ya vioo kunywa sehemu yake. Samyang 135 ya picha imeandikwa f/2. Ndugu yake wa sinema, mwenye vioo vile vile, ameandikwa T2.2. Hakuna kilichopungua kiwandani. Wamekuambia ukweli tu: karibu asilimia 83 ya mwanga ndiyo inapita. Ukiwa na lenzi moja ukweli huo haukusaidii sana. Ukiwa na mbili, ukahama kutoka 85 hadi 135 katikati ya mahojiano, uso wa mzee haubadiliki ghafla kuwa mweusi zaidi, na siku ya kuunganisha picha hulali macho ukirekebisha.

Tofauti kubwa zaidi iko kwenye pete. Lenzi nyingi za kisasa za picha zina pete ya fokasi isiyoshika kitu: unapoizungusha unatuma ombi kwa mota. Ukizungusha haraka inakwenda mbali, ukizungusha polepole inakwenda kidogo, hata kama mkono umesafiri sentimita zile zile. Hakuna mwanzo wala mwisho. Pete ya lenzi ya mkono ina ukuta pande mbili, ina mita zilizochorwa, na mita 5 ya asubuhi ni mita 5 ya jioni. Hicho ndicho unacholipia.

Niliona thamani yake Jumapili moja katika kanisa la Luvungi, nikirekodi kwaya kutoka mlango wa nyuma. Kabla ibada haijaanza nilibandika plasta nyeupe kuzunguka pete, nikachora mistari mitatu kwa kalamu: mwalimu wa kwaya, safu ya soprano, na mlango wa pembeni ambapo watoto wangeingilia. Ibada ilipoanza umeme ulikatika, kioo cha kamera kikawa kigumu kusoma kwa mwanga wa madirisha, na watu wakasimama mbele yangu wakicheza. Sikuhitaji kuona. Kidole gumba kilijua mstari wa pili uko wapi kama kinavyojua swichi ya nyumbani. Watoto walipoingia nilizungusha hadi mstari wa tatu, nao walikuwa wakali kama wembe. Lenzi yangu nyingine, yenye mota, ingekuwa inatafuta mgongo wa kila aliyepita.

Wauzaji watakuambia kwamba pete ikizunguka zaidi ndiyo bora. Canon CN-E na Zeiss CP.3 huzunguka digrii 300. Sigma za sinema, digrii 180. Digrii 300 ni neema kama una msaidizi wa kuvuta fokasi mwenye gurudumu lake pembeni. Ukiwa peke yako, kama tulivyo wengi huku, kifundo cha mkono hakifiki huko. Itabidi uachie na kushika tena, na papo hapo ndipo bibi harusi anapogeuka. Kwa mtu mmoja naona pete fupi kiasi inafaa zaidi. Na angalia namba zake ni za mita au za futi. Lenzi zilizotumika zinazotoka Marekani mara nyingi zina futi, na hakuna anayepima shamba la mpunga kwa futi.

Lenzi ndefu haikusamehe, na hili lazima lisemwe kwa tarakimu. Milimita 135 kwenye sensa kubwa, T2.2, mtu akiwa mita 5: sehemu iliyo kali ni sentimita 18 tu, mbele na nyuma kwa pamoja. Mwimbaji anayeyumba na wimbo anatoka humo na kurudi kila pigo la ngoma. Mtu anayekujia kwa mwendo wa kawaida, mita 1 na robo kwa sekunde, anaivuka kabla hujapepesa jicho. Funga hadi T5.6 nawe unapata sentimita 46. Mpeleke mita 10, unapata karibu mita 2. Kwa hiyo tundu kubwa la T1.5 au T2 ambalo watu wanalipia ghali, kwa lenzi ndefu, ni kitu utakachokitumia kwa nadra: usiku, mtu ameketi, hasogei. Usinunue lenzi ndefu kwa sababu ya ukungu mzuri wa nyuma. Kwa 135 ukungu upo hata kwenye T4, tena uso mzima unabaki mkali, pua na masikio.

Hapa anayetetea fokasi ya kujiendesha ana haki ya kusikilizwa. Kwa harusi mimi namkubalia. Siku nzima ya mbio, peke yako, bibi na bwana wakitembea kukujia kati ya safu za wageni: chukua 70-200 yenye mota, kamera ya miaka hii inayojua uso ni nini, na shukuru. Lakini kaa na mama anayepalilia nyuma ya majani ya mpunga. Kamera inashika majani. Mweke mzee dhidi ya mlango uliojaa jua. Nimeona kamera nzuri ikiuacha uso wake na kushika fremu ya mlango. Tena kuna jambo la ndani zaidi. Katika mahojiano, ninapoamua kutoka kwenye uso wa mama hadi kwenye mikono yake inayosokota kitenge, mwendo wa kuhama ni sehemu ya kauli. Nataka uwe mzito anaposita, mwepesi anapocheka. Mota haijui kwamba amesita.

Sasa urefu. 85, 135, 200, au 300? Kwa Luvungi joto lenyewe linatoa jibu. Jua likishapanda, ardhi ya uwanda inachemsha hewa, na kila kilicho mbali kinacheza kama kitu kilicho chini ya maji. Mwaka 1962, katika *Lawrence of Arabia*, Freddie Young alitumia lenzi ya milimita 482 kumpiga Omar Sharif akitokea ndani ya mazigazi jangwani Yordani, na picha ile inakumbukwa hadi leo. Yeye alitaka mazigazi. Wewe unataka kumwonyesha mkulima. Lenzi ya 300 kuanzia katikati ya asubuhi hadi alasiri, katika uwanda huu, inakuza mtetemo kuliko inavyokuza mtu, na hakuna kioo cha bei yoyote kinachoponya hewa. Alfajiri, kabla ardhi haijapata moto, au baada ya mvua, inakuwa tamu kweli. Ni muda mchache wa siku. Mimi 300 yangu naiacha nyumbani.

Mwanga ni jambo lingine linalosahauliwa dukani. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo tunapiga fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50. Kwa jua kali na ISO 100 hiyo inataka tundu la f/22. Ukitaka T2.2 lazima upunguze mwanga mara 100. Na kamera nyingi zikiwa kwenye picha ya logi huanzia ISO 400 au 800, kwa hiyo ni mara 400 hadi 800. Bila filta ya kupunguza mwanga lenzi yako ya dola 600 itafungwa hadi f/22, ambako picha inapoteza ukali ulioulipia. Samyang 135 inachukua filta ya milimita 77. Nunua filta moja nzuri ya ukubwa wa lenzi yako kubwa, na pete za kupunguzia kwa nyingine.

Na miguu ya kusimamishia kamera. Lenzi ya mkono ya sinema haina kitu ndani cha kutuliza mtikisiko. Kamera ikiwa na sensa inayojituliza, haipati habari yoyote kutoka kwenye lenzi. Lazima uingize urefu wake kwa mkono, na ukisahau kubadilisha kutoka 50 hadi 135 utapata picha inayoyumba kama mlevi. Trepie yenye kichwa cha majimaji si pambo. Mtu akiniambia ana dola 700, ninamwambia 300 ziende kwenye lenzi na 400 kwenye miguu. Wengi hukataa. Baada ya miezi sita hurudi.

Dola 300 zinanunua nini? Si lenzi mpya ya sinema. Samyang 135 mpya ni dola 500 au 600. Canon na Zeiss za sinema ni maelfu. Lakini zinanunua lenzi za zamani za picha, za chuma, pete za kweli: Nikkor, Canon FD, Pentacon, Jupiter za Urusi, zinazokuja na ndugu walioko Ulaya au wafanyabiashara wanaopita Kigali na Dubai. Hizi ndizo ninazompendekezea anayeanza, bila kigugumizi, ila ajue mambo machache. Nikkor huzunguka kinyume na nyingine nyingi. Ukichanganya na Canon kwenye begi moja, mkono utapotea kila mara, kwa hiyo chagua ukoo mmoja. Canon FD haikai kwenye kamera ya Canon EF bila kioo cha ziada, kwa sababu FD inataka milimita 42 hadi kwenye sensa na EF ina 44. Kwenye Sony, Lumix au Canon RF inakaa bila shida. Adapta isicheze hata kidogo: mchezo mdogo shingoni ni tetemeko mbele.

Unapoipokea lenzi ya mtumba, washa tochi nyuma yake na uangalie ndani ukiwa kivulini. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni kuvu, na Bukavu yenye mvua na ukungu wa ziwa ni shamba la kuvu. Fungua na funga tundu mara 10: mabamba yakiwa na mafuta yanang'aa na kusita, na joto la Luvungi litazidisha. Nyumbani, kasha la plastiki lisilopitisha hewa na vifuko vya kukausha vinatosha. Nimeona vijana wakifukia lenzi ndani ya mchele, maana uwandani mchele haukosekani. Wasifanye hivyo. Mchele una vumbi la pumba, na vumbi hilo linaingia kwenye pete na halitoki. Kiangazi, Juni hadi Agosti, vumbi la barabara linatosha.

Katika ukoo huo wa zamani kuna Nikkor ya milimita 105 f/2.5. Ndiyo iliyompiga mwaka 1984 msichana wa Kiafghani katika kambi ya wakimbizi Pakistani, picha ya Steve McCurry iliyozunguka dunia kwenye jalada la National Geographic mwaka 1985. Msichana huyo, Sharbat Gula, alipatikana tena mwaka 2002, na hadi siku hiyo hakuwahi kuiona sura yake mwenyewe iliyoonwa na mamilioni. Hii ndiyo habari ninayowapa vijana kabla ya kuzungumzia vioo.

Kivu tumepigwa sana picha kwa lenzi ndefu. Kutoka ndani ya magari, kutoka juu ya vilima, mama akiwa amebeba mzigo, asijue. Picha hizo zimeuza magazeti na ripoti, na nyingi ni nzuri kwa macho. Ninapotazama *Maman Colonelle* ya Dieudo Hamadi, ya mwaka 2017, inayomfuata kanali Honorine Munyole anapohamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani, ninaona kitu kingine: kamera iko karibu, watu wanajua ipo, na wamekubali. Lenzi ndefu inaweza kufanya kazi hiyo pia, lakini lazima uitake. Kipimo changu ni sauti. Lenzi inafika mahali ambapo maikrofoni haifiki. Ukiwa mita 20 na unataka maneno yake, lazima kwanza uende kwake, umsalimie, umwombe, umbandike maikrofoni ndogo kifuani, ndipo urudi. Aliyevaa maikrofoni yako anajua kila kitu. Kwa hiyo sinunui lenzi ndefu kuliko umbali ambao mtu bado anaweza kuinua mkono na kuniambia nizime.

Kuna sababu ya pili, ya usalama. Tangu Bukavu ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025 na vita kuteremka kuelekea uwandani, kitu chochote kirefu cheusi kinachoelekezwa ng'ambo kinatazamwa kwa jicho jingine. Uwanda huu unatazamana na nchi mbili. Mwenye bariere barabarani hajui tofauti ya 300 na bomba la silaha akiwa mita 100, na si juu yake kujua. Lenzi ya 135 haizidi chupa ndogo ya soda kwa urefu. Inaingia kwenye begi la bega, inatoka mbele ya shefu wa lokalite, anaishika, anachungulia, anaona mpunga wake.

Kwa hiyo 85 na 135, sensa kubwa. Au 45 na 75 kwa wenye Lumix. T4 mchana, pete yenye mita, trepie nzito.

Mara ya mwisho nilipokwenda, mama mmoja alikuwa akipandikiza mpunga ukingoni mwa mfereji. Nilimvalisha maikrofoni ndani ya kitenge, maana upepo ulikuwa umeanza, nikarudi hadi penye tuta. Mita 18. Kwa T4 nilikuwa na mita 4 za ukali, na sikuzihitaji zote. Wapandaji hurudi nyuma wanapopanda, wameinama, miche mkono wa kushoto, kwa hiyo alikuwa ananijia kinyumenyume, hatua moja kila miche sita au saba. Sikioni mwangu nilisikia maji yakitoka kwenye kisigino chake kila alipokivuta kutoka kwenye tope. Akasema, bila kugeuka, niwe tayari, karibu anafika mwisho wa mstari na atasimama kunyoosha mgongo. Nikaanza kuizungusha pete, kumi na saba, kumi na sita.